Kisomo na Siri ya Mtu

Kila ninapoketi na walimu wenzangu tukazungumza habari za elimu ya watu wazima, husikia sababu zile zile zikitajwa: kwamba mkulima ajuaye kusoma hulima vizuri zaidi, kwamba mama ajuaye kusoma hulea watoto wenye afya, na kwamba mwananchi ajuaye kusoma huzielewa shughuli za nchi yake. Sababu hizo ni za kweli, wala sina nia ya kuipinga hata moja. Lakini mimi ninayo sababu nyingine ambayo katika maisha yangu ya ualimu sikuisikia ikitolewa katika hotuba yoyote. Naamini kwamba faida ya kwanza ya kisomo kwa mtu mzima ni kumrudishia siri yake. Mtu asiyejua kusoma hana siri. Kila neno linalomjia kwa njia ya karatasi hana budi kulipitisha katika kinywa cha mtu mwingine, na aghalabu mtu huyo ni mtoto.

Imani hii sikuipata vitabuni. Niliipata Kizota, magharibi ya mji wa Dodoma, katika miaka ya mwanzo ya Uhuru. Msomaji aijuaye Kizota ya leo, yenye maghala ya hifadhi ya chakula ya Taifa, na ukumbi ambamo chama tawala kimefanyia baadhi ya mikutano yake mikuu, na nyumba za bati zilizosongamana pande zote, hawezi kuitambua ile ninayoizungumza. Ilikuwa mashamba ya uwele na mtama, mibuyu, vichaka vya miiba, na nyumba za tembe zenye mapaa ya udongo ambayo juu yake tulianika nafaka. Mji ulikuwa mbali kwa mtoto, ingawa mluzi wa gari-moshi tuliusikia usiku.

Gari-moshi hilo ndilo lililotuletea barua. Nchi ya Ugogo ni nchi ya mvua chache. Kwa mwaka wa kawaida hupata milimita 500 hadi 600 hivi, nazo zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Zikikatika Februari, mkulima hana la kufanya ila kutazama mbingu. Wazee wetu walihesabu miaka kwa njaa. Ile ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliyoiita Mtunya, ilikuwa ikitajwa bado katika utoto wangu kama kitu cha juzi. Njaa ilipokuja, wanawake walitoka kwenda kuhemea chakula, na wanaume wengi walipanda gari-moshi kwenda kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge upande wa Kilosa na Morogoro. Baba yangu alikuwa miongoni mwao. Mtu aliyekwenda mkonge hakurudi mwezi ule, na pengine hakurudi mwaka ule. Kilichorudi kilikuwa barua.

Mwaka 1963 nilikuwa darasa la tatu, na katika nyumba saba au nane za jirani nilikuwa mtu pekee aliyejua kusoma. Wakanipa cheo cha karani. Barua zilifika katika sanduku la posta la duka moja mjini, na yeyote aliyekwenda kununua chumvi au mafuta ya taa alizibeba akarudi nazo. Jioni, kina mama walikuja uani kwetu, kila mmoja na karatasi yake, nami nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, karibu na moto ili nione. Ujira wangu ulikuwa ubuyu, karanga, au kipande cha muwa siku ya bahati.

Barua za siku hizo zilikuwa na utaratibu wake. Kwanza salamu kwa kila mtu kwa jina lake, mpaka mtoto wa mwisho. Kisha mwandishi alieleza kwamba yeye ni mzima wa afya, hofu ni kwao nyumbani. Baada ya hapo ndipo ilipokuja ile sentensi ambayo kila mtu aliingojea, isemayo kwamba dhumuni la barua hii ni hili na hili. Kina mama walijifunza upesi kulitambua neno hilo, dhumuni, ingawa wengi wao hawakujua Kiswahili kingi. Nilipolitamka, mazungumzo yote yalikoma. Nami nilikuwa na kazi mbili kwa pamoja, maana barua ziliandikwa kwa Kiswahili cha kambini na wasikilizaji wangu walikuwa watu wa Kigogo. Nilisoma mstari moyoni, nikaugeuza, nikautoa kwa lugha ya nyumbani. Na kama waandishi wa huko nao walikuwa makarani wa kukodi, kama nilivyokuja kutambua baadaye, basi neno la mume kwa mkewe lilikuwa limepita katika vinywa viwili na lugha mbili kabla ya kumfikia.

Hapa yafaa nieleze jambo ambalo vijana wa leo huenda wasilijue. Kabla ya barua, neno zito lilikuwa na mchukuzi wake. Habari ya posa ilichukuliwa na mshenga, mtu mzima mwenye kauli nzuri. Habari ya msiba ililetwa na mzee, naye hakuisema mlangoni. Alikaribishwa, akaketi, akapewa maji, akaulizwa habari za njiani, na alipoanza kusema kila mtu alikuwa amekwisha kujua kwa jinsi alivyokuwa akiyashika maji yale. Hakuna aliyemtuma mtoto. Mtoto alifukuzwa aende akacheze. Utaratibu huo ulikuwa sehemu ya utamaduni wetu kama ngoma na zeze, na ulilinda heshima ya anayeambiwa. Barua iliupindua wote kwa siku moja. Mambo yaliyokuwa yakisemwa na wazee tu, tena kwa sauti ya chini, sasa yalisomwa kwa sauti kubwa na mtoto wa miaka kumi aliyekaa juu ya kinu akitafuna karanga.

Kwa njia hiyo nilijua madeni ya watu. Nilijua ni nani anayeshukiwa na mumewe, na ni nani aliyekuwa akiombwa asimpe ng'ombe ndugu fulani. Nilikutana na watu hao njiani asubuhi, nikawasalimu "Mbukwa" kama apasavyo mtoto, nao wakaitika huku wakitazama pembeni. Sikuelewa kwa nini. Nilidhani wamekasirika.

Barua ya baba iliyonifundisha zaidi ilikuja katika kiangazi cha mwaka huo. Uani walikuwapo wanawake watano au sita. Nilisoma salamu zote, nikafika kwenye dhumuni, nikaligeuza kwa Kigogo neno baada ya neno jinsi lilivyokuja: kwamba yeye baba ameoa mke mwingine huko aliko, kwamba mke huyo ni mja mzito, na kwamba mama auze ng'ombe wawili kati ya wale wanne apeleke fedha. Nilikuwa nimekwisha kuyatamka yote ndipo maana yake ikanifikia. Hakuna aliyesema kitu. Mwanamke mmoja alianza kuukusanya moto uliokuwa haujatawanyika. Mama yangu alikuwa akichambua mlenda ungoni. Mikono yake haikusimama. Aliniambia, "Endelea, mwanangu, bado karatasi haijaisha." Nikaendelea. Zilikuwa zimebaki salamu za mwisho tu.

Siku mbili baadaye aliniita nimwandikie majibu. Tulikwenda nyuma ya zizi. Akasema niandike kwamba ng'ombe ni wazima, mtama haukutoa kitu, na watoto wanasoma. Nikangoja. Nikamwuliza kama hakuna neno juu ya yule mke mwingine. Akanitazama kwa muda, akasema, "Hilo si la kukuambia wewe." Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu kwamba maneno aliyokuwa nayo kwa mumewe yalikuwa mengi, naye aliyameza yote kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwa mwanawe. Miaka mingi mama yangu aliishi bila kuweza kumjibu mtu aliyemwumiza.

Mashaka ya kutokujua kusoma yalikuwa ya aina nyingi, na mengine ni rahisi zaidi kuyaona. Alikuwapo kijana mmoja upande wa pili wa korongo aliyefanya kazi kama yangu kwa watu wa huko. Hawala ya posta ya shilingi hamsini ikija, aliisoma thelathini, akajitolea kwenda mjini kuichukua. Alijulikana baada ya mume mmoja kurudi na vikaratasi vyake. Watu walimpiga, wakasema wizi umekwisha. Mimi naona hasara ya kijana yule ilikuwa ndogo kuliko niliyoileta mimi niliyesoma kila kitu sawasawa, maana shilingi ishirini mtu aweza kuzitafuta tena.

Serikali ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wilaya chache ziliteuliwa zitangulie katika kufuta ujinga: Mafia, Ukerewe, Masasi, Pare, Kilimanjaro, pamoja na Dar es Salaam. Sisi wa Dodoma tulifuata nyuma, hasa baada ya mkutano mkuu wa TANU wa mwaka 1971 kuazimia kwamba ifikapo mwisho wa 1975 nchi nzima iwe imejua kusoma. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikajitolea kufundisha. Darasa letu lilikuwa chini ya mkwaju. Ubao ulikuwa kipande cha mbao kilichopakwa masizi, na chaki tulizigawa vipande vidogo hata vidole vikakwaruza mbao. Wanafunzi walijiita wenyewe ngumbaru, wakicheka.

Mpango ule uliitwa kisomo chenye manufaa, na vitabu vyake vilifuata kazi za watu: kilimo cha pamba, ndizi, ufugaji, uvuvi. Wazo hilo lilikuwa la busara, ijapokuwa nakiri kwamba habari za ndizi hazikuwagusa sana watu ambao hawajapata kuona mgomba ukistawi. Mkaguzi alipokuja aliwauliza wanafunzi kwa nini wanasoma, nao wakajibu kwa adabu kwamba wanataka kuongeza mazao. Mkaguzi akaandika. Alipoondoka, nami nikawauliza kwa Kigogo. Mmoja alisema anataka kusoma mizani ya mnunuzi. Mwingine alisema amechoka kumpa shemeji yake barua zake. Bibi mmoja, ambaye mwanawe alikuwa jeshini, alisema anataka kujua kama barua zile zina maneno matamu kama wanavyomsomea, au wanamhurumia tu.

Mama yangu hakuingia darasani kwangu. Kituo changu kilikuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni pake, naye alitembea karibu saa nzima kwenda kituo kingine kilichofundishwa na binti wa watu asiyetuhusu. Majirani walishangaa, na wengine walinicheka kwamba hata mama mzazi haniamini. Nilipomwuliza, alijibu bila ukali, "Wewe umekwisha kunisomea vya kutosha." Alisoma kwa muda wa miaka mitatu, katika miezi isiyo na kazi za shamba. Katika mtihani wa taifa wa Agosti 1975 alifikia hatua ya tatu, na kwa hesabu za mpango ule mtu wa hatua ya tatu na ya nne alihesabiwa kuwa amekwisha kuutoka ujinga.

Kabla mwaka huo haujaisha alinikabidhi bahasha. Alikuwa ameifunga kwa uji mzito wa uwele badala ya gundi, tena akaipaka pande zote nne, hata ile ambayo haikuwa na mdomo. Jina la baba na anwani ya shamba la mkonge vilikuwa vimeandikwa kwa herufi kubwa zilizoinama kushoto. Alitaka niipeleke posta nikaibandike stempu, basi. Nilihisi uzito wake mkononi. Zilikuwa karatasi zaidi ya mbili. Niliipeleka. Hata leo sijui iliandikwa nini. Baba alirudi mwaka 1976 na sanduku la bati na kikohozi, akaishi nasi mpaka alipofariki, na wala yeye hakupata kuitaja barua ile mbele yangu.

Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi, niliziona athari za jambo hili kwa upande mwingine. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 na kuanza kwa elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, madarasa yalijaa watoto ambao wazazi wao hawakuwa wamewahi kukaa darasani. Mtoto akikosa, mwalimu mkuu aliandika barua kwa mzazi. Barua ilipelekwa na mtoto, ikasomwa na mtoto. Mshtakiwa ndiye aliyekuwa msomaji wa mashtaka! Nilikutana na baba mmoja aliyenishukuru sana kwa kumsifu mwanawe katika barua. Mtoto alikuwa ametoroka shule wiki tatu. Tulicheka ofisini, lakini mwenye kufikiri aliona kwamba nyumba ile imepinduka, kwa kuwa mtoto ndiye mwenye kuamua baba ajue nini. Tunalaumu vijana kwa kukosa adabu, tukasahau kwamba sisi tuliwapa ufunguo wa masikio ya wazazi wao wakiwa na umri wa miaka kumi. Ndiyo maana sikupata kukubaliana na wale waliosema kwamba fedha za elimu ya watu wazima zingefaa zaidi zikitumiwa kwa watoto, kwa kuwa wazee watakufa na ujinga wao. Ukimfundisha mtoto peke yake, umeongeza msomaji mmoja na umempunguzia mzazi heshima yake nyumbani.

Hata katika kura jambo hili lilikuwapo. Katika uchaguzi wa 1965 wagombea wawili wa kila jimbo walipewa alama za jembe na nyumba, ili asiyejua kusoma aweze kuchagua kwa jicho lake mwenyewe bila kuuliza mtu. Waliobuni alama hizo walielewa vema kwamba kura iliyosomwa na mwingine si ya siri tena. Natamani wangeandika wazi kwamba barua nayo ni hivyo hivyo.

Wakati wa sensa ya 1967, kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma. Mwaka 1975 walikadiriwa kuwa asilimia 39, na kufikia 1986 walihesabiwa kuwa kama asilimia 10 tu. Kisha mambo yakalegea. Miaka ya dhiki ya uchumi ilipunguza walimu wa kujitolea na vitabu. Magazeti ya vijijini, kama lile la Elimu Haina Mwisho lililoanzia Mwanza, hayakuwa tena mikononi mwa watu. Na wengi waliojifunza wakasahau kwa kukosa cha kusoma. Sensa ya 2012 ilionyesha kwamba wajuao kusoma na kuandika walikuwa takriban asilimia 78. Njia za kupima hazikuwa moja, kwa hiyo sipendi kuzilinganisha tarakimu hizi kama mtu apimaye kitambaa kwa ufito mmoja. Lakini mwalimu aliyekaa kijijini hahitaji tarakimu ili kujua ni bibi gani katika kitongoji chake aliyeacha kuandika jina lake.

Mama yangu hakusahau. Alikuwa na daftari la kurasa tisini na sita alilolitunza ndani ya kibuyu kilichokatwa shingo, na humo aliandika aliyemkopa mbegu, siku mvua ya kwanza iliponyesha, na mambo mengine ambayo hatukuyasoma hata alipofariki. Tulilizika pamoja naye. Shangazi mmoja alipinga, akisema lina historia ya ukoo. Nilimwambia kwamba angetaka tulisome angetuachia juu ya kitanda. Mathias Mnyampala, mtu wa huku huku Dodoma, alikwisha kutuandikia historia na mila za Wagogo katika kitabu kilichotoka mwaka 1954, naye aliandika ili asomwe. Mama hakuandika kwa ajili hiyo.

Siku hizi barua zimekufa, na kijana anayenisikiliza huenda akadhani nazungumza mambo ya kale. Basi na aende kwenye kibanda chochote cha fedha za simu hapa Kizota, akae dakika kumi. Tangu huduma hizo zilipoingia nchini mwaka 2008, fedha za mtoto aliye Dar es Salaam humfikia mama yake kabla ugali haujaiva, na hiyo ni neema kubwa. Lakini mara ngapi nimeona bibi akimpa wakala simu yake, kisha kwa sauti ya kusikika na foleni nzima akamtajia namba yake ya siri! Wengine humwachia mjukuu simu na namba pamoja. Mjukuu ndiye ajuaye zimeingia kiasi gani, na ujumbe ule husomwa na yeye, naye huusoma apendavyo. Nikiwaona namkumbuka yule kijana wa ng'ambo ya korongo na hawala zake.

Miaka miwili iliyopita jirani yangu, bibi mwenye miaka zaidi ya sabini, alinijia akaniomba nimfundishe. Nikatafuta daftari, nikamwuliza tuanze na irabu kama ilivyo desturi. Akasema irabu zingoje. Yeye ana haja ya tarakimu kumi, tena kwa haraka, kwa kuwa mwanawe hutuma fedha kila tarehe za mwisho wa mwezi. Tukaanza na sifuri. Alizijua zote kwa siku nane, isipokuwa sita na tisa zilizomsumbua mpaka alipozipa majina yake mwenyewe: mmoja aliyeinama na mmoja aliyejitwisha mzigo. Kisha tukaenda pamoja kibandani abadilishe namba ya siri. Wakala akamwonyesha pa kubonyeza. Bibi aliishika simu karibu na kifua, akanitazama mimi mwalimu wake, akaniambia nisogee kando, akageuka akaukabili ukuta.